Ua la Sukari Lililokwenda Kibondo

Nyakanazi, alasiri, siku moja kabla hujaondoka

Neema mwanangu,

Watu wenye adabu huanza barua kwa kuulizana hali. Hali yangu umeiacha jikoni saa saba mchana ikiwa na unga wa sukari hadi kwenye nyusi, na yako naiona kila nikikutazama, kwa hiyo hilo tuliruke. Wewe na mjomba wako Selestini mmekwenda Nyantakara kuliaga kaburi la mke wangu Yustina, mama aliyekulea, na mmesema mtarudi kabla jua halijazama. Huo ndio muda nilio nao. Mkirudi nitaanza tena habari za mizigo, nauli na maji ya kunywa njiani, mambo ambayo nimejificha nyuma yake wiki nzima, na kesho asubuhi gari litakuja na wewe utavuka mpaka kwenda kwenu Burundi.

Sitakuusia habari za kula vizuri wala kuamka mapema. Una miaka kumi na minane, na tangu mama Yustina afariki wewe ndiye uliyekuwa ukinikumbusha mimi nile. Nataka kujibu swali moja tu. Jumapili iliyopita mjomba wako alifungua kitambaa mbele yetu, akatoa ua la sukari, jeupe la zamani lililogeuka rangi ya meno ya mzee, gumu kama kokoto. Akasema ni moja ya vitu vitatu vilivyobaki kwa marehemu dada yake, yaani mama aliyekuzaa. Ukaligeuzageuza kiganjani. Kisha ukaniuliza, kwa sauti ya fundi anayemuuliza fundi mwenzake, "Baba, hili linaweza kulainika tena?"

Nikajifanya nasikiliza birika. Nikatoka nje kuangalia mkaa ambao haukuwa na shida yoyote.

Jibu ni hapana. Lakini hapana peke yake haitoshi, na wewe unajua haitoshi, kwa sababu nilikuona ukiliangalia ua halafu ukaniangalia kidole gumba.

Niache nianze na yale ninayoyaweza. Mezani hapa kuna kilo tatu za fondanti, donge la sukari la kufunikia keki. Nimeikanda asubuhi, nimeipaka mafuta kidogo, nimeizungushia nailoni mara mbili, sasa imelala. Ni yako. Binti wa mjomba wako anaolewa Muyinga baada ya wiki tatu, na mjomba kwa furaha yake ameshawatangazia watu kwamba mpwa aliyepotea anakuja na atatengeneza keki mwenyewe. Kwa hiyo itabidi donge hili lifike likiwa laini, na likae laini siku ishirini na moja kwenye nyumba usiyoijua, na huko sitakuwepo wa kukupigia kelele.

Unakijua kipimo. Jelatini iloweshwe kwenye maji baridi, iyeyushwe juu ya maji ya moto bila kuchemka, halafu glukosi, gliserini, mafuta ya mgando, na sukari ya unga iliyochekechwa hadi mkono uchoke. Gliserini usihangaike kuitafuta mbali, ipo kwenye kila duka linalouza mafuta ya kujipaka. Ukikosa glukosi tumia asali, ila si ile nyeusi ya msituni, itakupa keki ya rangi ya vumbi la barabara hii ya kwetu. Na kiangazi uongeze gliserini kidogo, maana upepo wa kiangazi hunyonya kila kitu.

Hayo yapo kwenye daftari lako. Ambayo hayapo ni namna nilivyoyajua, kwa sababu nimekuwa nikikusimulia ushindi wangu tu, kama wanaume wote.

Nilijifunza Ngara, miaka ile kambi za wakimbizi zilipojaa hadi vilima vikageuka bluu kwa maturubai. Nilikuwa msaidizi wa jikoni kwenye makazi ya wafanyakazi wa shirika moja la misaada. Mpishi mkuu alikuwa Mama Rozalia, Mhaya wa Bukoba, mwanamke mnene mwenye mikono midogo ajabu, aliyewahi kuwaokea mapadri. Wale wageni walikuwa hawakai. Kila baada ya wiki mbili mmoja anaondoka, na kila anayeondoka anafanyiwa keki ya kumuaga. Nje ya uzio watu wamepanga foleni ya mahindi tangu alfajiri, ndani ya uzio mimi nakata majani ya sukari kwa kisu kidogo. Wakati ule sikuona ajabu. Nilikuwa na njaa ya kazi na nilipenda kusifiwa.

Siku moja Mama Rozalia aliniachia donge akaenda kliniki. Mimi, Mhangaza niliyelelewa na migomba, nikafanya kama mama yangu alivyofanya kwa kila chakula alichotaka kisikauke: nikalifunika kwa kitambaa kibichi, juu yake nikaweka jani bichi la mgomba. Nikajiona bingwa. Aliporudi saa nane, donge lilikuwa linatoa machozi. Sukari ilikuwa imeyeyuka upande wa juu, imekuwa ute, na chini yake kumeshikana kama gundi ya viatu. Akaniangalia, akaliangalia jani.

"Kijana, wewe unapika au unazika?"

Halafu, kwa upole ambao uliniumiza kuliko matusi, akanifundisha. Fondanti ina maadui wawili, upepo na maji. Upepo unaikausha, maji yanaiyeyusha, na mtu mjinga akiogopa mmoja humkimbilia mwingine. Kwa hiyo usiifunike na kitu kibichi. Usiiweke kwenye friji, itatoka jasho. Kata kipande unachokitumia sasa hivi, kingine chote kirudi kwenye nailoni na kopo lifungwe. Kile cha mezani kiweke chini ya bakuli lililofunikwa kifudifudi. Ikianza kupasuka usiipe maji, ipe mikono. Paka mafuta viganjani, uikande polepole hadi ipate joto lako.

La samli unalijua nusu. Harusi yangu ya kwanza ya kujitegemea ilikuwa Kaniha, familia ya bibi harusi ni wafugaji wenye asili ya Rwanda. Mafuta ya mgando yalikuwa yameniishia. Nikajiambia, hawa ni watu wa ng'ombe, nikiwakandia fondanti kwa samli nitakuwa nimewaheshimu. Ilipendeza kweli kweli! Laini, inanyooka bila kupasuka. Saa kumi jioni, chini ya turubai lenye joto, wakati bibi harusi anapiga magoti kumkabidhi mama mkwe keki yake mbele ya watu mia tatu, harufu ya kibuyu cha maziwa ikatangulia. Mama mkwe akatafuna, mshereheshaji akamwekea kipaza sauti mdomoni, naye akauliza, "Hii keki imeokwa au imekamuliwa?" Watu walicheka hadi bibi harusi akalia. Hiyo ya kulia sikukusimulia. Nilikuwa naishia kwenye kicheko.

Naona nimeanza kufurahi na hadithi zangu. Hivyo ndivyo ninavyopotea. Nirudi.

Ulikuja kwetu ukiwa na miaka kama mitatu, mgongoni mwa bibi mmoja mgonjwa. Walikuwa wanapita watu barabara nzima, na huyo bibi akaishiwa nguvu mbele ya nyumba yetu pale Ngara. Yustina akamwingiza ndani. Alikaa siku nne akafariki. Kabla ya hapo alituambia kwamba wewe si wa kwake, kwamba alikuokota mtoni, kwenye msukumano wa watu waliokuwa wanavuka, na mama yako alikuwa upande wa pili anapiga kelele. Haya unayajua. Yustina hakukuficha kwamba umezaliwa na mwingine, na mimi sikumkataza, maana hilo lilikuwa linajulikana na mtaa mzima.

Usichokijua ni kwamba Yustina alitaka kukupeleka kupigwa picha. Kulikuwa na mbao kule kambini, zimebandikwa picha za watoto waliopotea, kila mmoja ameshika namba. Akina mama walikuwa wanapita mbele yake polepole, siku nzima, kama wanaosoma. Mimi nilizipita kila asubuhi nikienda kazini. Yustina akasema, tumpeleke, kama hana mtu atarudi kwetu kwa haki. Nikamwambia atakonda kambini, nikamwambia watampeleka nchi za mbali, nikamwambia kila nililoweza kulibuni. Tulikuwa na miaka tisa ya ndoa bila mtoto, Neema, na wewe ulikuwa umeshaanza kuniita Baba kwa sababu ndilo neno ulilolisikia. Yustina akanisikiliza. Kosa hilo ni langu. Kaburini mmemkuta mwanamke asiye na hatia.

Hata karatasi sikukuandikishia, nikiogopa kuulizwa. Ulipomaliza kidato cha nne ukaambiwa ulete cheti cha kuzaliwa, ukalia siku mbili ukidhani ofisi zinakuonea. Si ofisi. Ni mimi.

Hayo bado ningeweza kuyabeba. Wapo wengi waliolea watoto wa watu miaka ile na hawakuandika popote. Sasa nakuja kwenye ua.

Ulikuwa na miaka sita. Mashirika yalikuwa yameanza kupungua, Mama Rozalia amerudi kwao, mimi nafanyia kazi nyumbani. Yustina alikuwa shambani. Nilikuwa na keki ya harusi ya siku ya pili yake, na mezani nimepanga maua arobaini yanakauka, yenye petali tano, yale ninayoyaminya kwa kidole gumba. Unajua ukucha wangu wa gumba la kulia ulipasuliwa na kisu zamani na ukaota na mfereji katikati. Kila ua nililotengeneza maishani lina kamfereji kwenye petali moja. Mama Rozalia alikuwa akiniambia, siku ukiiba keki tutakukamata kwa hilo.

Mwanamke akasimama mlangoni. Alikuwa na kitenge kilichofubaa na viatu vya plastiki visivyofanana. Akasema, "Amahoro," nikamwitikia. Kirundi na Kihangaza vinakaribiana, hatukuhitaji mkalimani.

"Ndarondera umwana wanje," akasema. Namtafuta mwanangu.

Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba tangu Kabanga, kule mpakani. Akanieleza bila kulia, kama mtu aliyekwisha kusema maneno hayo hadi yameisha chumvi. Wa kike. Angekuwa na miaka sita sasa. Ana kovu la moto nyuma ya sikio la kushoto. Jina lake Kaneza.

Neema, mimi ndiye niliyekuwa nakuogesha Jumamosi. Sikio lile nililijua.

Nawe ulikuwa nyuma ya nyumba, unacheza na mabaki ya fondanti niliyokupa, unaimba. Ulikuwa na tabia ya kuimba ukikanda. Sauti yako ikaja kupitia dirishani, wazi kabisa. Yule mama akageuza kichwa.

"Nyuma huko kuna mtoto?"

"Wa jirani," nikasema.

Nikalichukua donge nikaanza kulipiga mezani. Nikaliinua, nikalibamiza. Nikaliinua, nikalibamiza. Vyombo vikaruka. Nilikuwa nafunika sauti yako. Umewahi kuniuliza kwa nini siwezi kuvumilia mtu akibamiza fondanti, kwa nini nilikufokea siku ile hadi ukakimbilia nje, nami nikakujibu kwamba inaingiza hewa na itavimba malengelenge juu ya keki. Ni kweli inaingiza. Keki ya harusi ile ilivimba malengelenge yote, watu walidhani nimeugua. Lakini sababu siyo hiyo.

Yeye akadhani nina haraka ya kazi. Akaomba radhi! Akasema, samahani baba, nakupotezea muda. Nami, ili aondoke, ili asigeuze kichwa mara ya pili, nikafanya mambo mawili. Nikamwambia nimesikia mtoto wa namna hiyo ameonekana Kibondo, kwamba alipakiwa kwenye malori yaliyohamisha watu kwenda kambi za huko. Nililisema kwa urahisi, hata jina la kijiji nikaliongeza. Halafu nikachukua ua moja lililokwisha kukauka, nikampa. "Ni sukari," nikamwambia, "ule, umetembea sana."

Hakulila. Alilifunga kwenye pindo la kitenge akasema, "Nitamwekea."

Alinishukuru kwa mikono miwili. Nikamwona anavuka barabara. Wewe ukaja kutoka nyuma na mikono inanata, ukauliza nani alikuwa anaongea. Nikasema mteja.

Mwezi haukuisha nikamwambia Yustina kwamba Ngara hakuna biashara tena, tuhamie Nyakanazi, kuna malori, kuna nyumba za wageni, watu wanaoa kila wiki. Akakubali. Mimi mjinga sikufikiria kwamba nahamia njia panda. Kwa miaka kumi na miwili nimefungua duka langu kila asubuhi mahali inapoanzia barabara ya kwenda Kibondo, na kila asubuhi makondakta wanaita chini ya dirisha langu: Kibondo! Kibondo! Kibondo! Umewahi kunicheka kwa kufunga dirisha wakati wa joto. Ulisema nazeeka vibaya.

Mara moja nilikata tiketi ya Kibondo. Wewe ulikuwa darasa la nne. Nilimwambia Yustina nakwenda kuangalia bei ya ngano. Nikakaa kiti cha dirishani, gari likawashwa, likatikisika, na mimi nikainuka nikisema nimeacha jiko linawaka, nikashuka. Kondakta alinitukana mbele ya watu. Nikaja nyumbani nikakukuta unafanya hesabu mezani, nikakuchambulia karanga. Kwa hesabu za mjomba wako, mwaka ule mama yako alikuwa bado hai.

Hilo ndilo linaloniamsha. Uongo wa mlangoni niliusema kwa hofu, ghafla, ningeweza kuuombea msamaha. Lakini kushuka kwenye gari lile sikulazimishwa na mtu.

Yustina alikufa bila kujua. Siku zake za mwisho alikushika mkono akakuambia uwatafute ndugu zako, na wewe ukaenda kwa katekista, na katekista akatuma tangazo parokia za upande wa pili. Nilikuona ukiandika kovu la sikio kwenye ile karatasi. Niliomba, Mungu anisamehe, isifike.

Ikafika. Mjomba wako akaja, mtu mpole, amekaa kambini miaka mingi hadi amejua kushukuru kwa kila kitu. Unakumbuka alivyosimama hapa sebuleni na kofia mkononi. "Baba Neema, sisi hatuna cha kukulipa. Mungu akubariki sana." Akasimulia dada yake alivyokwenda Kibondo kwa sababu mtu mmoja wa Ngara alimwambia mtoto kaonekana kule, alivyokaa miaka minne akizunguka kambi moja hadi nyingine, akaugua, akafia huko.

Ukamuuliza, "Huyo mtu alikuwa nani?"

"Jina hakulitaja. Alisema tu ni mtu mwema. Alimpa ua."

Mtu mwema. Nilikuwa nimeshika sahani ya chai, na sijui ilikuwaje haikuanguka. Na hapo ndipo akafungua kitambaa.

Sasa unisikilize kama fundi. Ua lililokauka halilainiki. Donge lililokauka juu unaweza kuliokoa, unakata ganda, unakanda moyo wake kwa matone ya gliserini, unalivumilia. Lakini ua lililominywa jembamba likakaushwa, na likakaa miaka kumi na miwili, ukilipa maji litayeyuka, ukilipa joto litavunjika, ukilipa mafuta litateleza tu mkononi. Usijaribu. Liache lilivyo. Alikuwekea wewe, na limekufikia, na hakuna kitu kingine katika habari hii nzima kilichofika kilikotakiwa kufika. Ukilitazama petali ya chini utaona kamfereji. Nadhani umeshakaona.

Nilikufunika, Neema. Nilidhani mtoto naye hutunzwa kama nilivyofundishwa na Mama Rozalia, asipigwe na upepo, asiguswe na maji, kopo lifungwe. Na ulitoka laini, mwenye huruma, anayeimba akikanda, na mimi nikazichukua sifa zote. Watu wa hapa husema Baba Neema kalea. Sikulea peke yangu. Kuna mtu alilipia kwa miguu yake kati ya Kabanga na Kibondo.

Sikuombi unisamehe. Nilijaribu kuandika sentensi hiyo mara tatu na kila mara ilinuka kama ile samli ya Kaniha, kitu kizuri kilichowekwa mahali pasipo pake. Wala sitakuambia kwamba nilifanya kwa upendo. Nilikupenda, hilo ni kweli, nakupenda hadi sasa hivi, lakini yeye pia alikupenda na hakumdanganya mtu.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii chini kabisa ya kopo, chini ya nailoni, uikute Muyinga siku utakapofungua kuandaa keki. Kopo nimeliandaa, lile la maziwa ya unga ya msaada tulilohama nalo kutoka Ngara, mfuniko wake bado unakaza. Nikaona kwamba hivyo ndivyo ninavyofanya siku zote. Natuma jambo liende mbali likamkute mtu peke yake. Kwa hiyo mkirudi nitakukabidhi mkononi, leo, kungali na mwanga, mjomba wako akiwepo, nami nitakaa kwenye kile kigoda cha jikoni hadi umalize kusoma. Ukitaka kuniuliza, nitajibu. Ukitaka kuisoma kwa sauti mjomba asikie, soma. Ukitaka kwenda kulala kwa katekista leo, begi lako nitalibeba mimi hadi mlangoni kwake kisha nirudi.

Nasikia mtu anaita Kibondo huko nje. Dirisha nimeliacha wazi.

Kesho asubuhi kopo litakuwa mezani karibu na mlango. Juu ya mfuniko nimeandika Kaneza, jina ambalo mama yako alilitaja mlangoni kwangu na ambalo sijawahi kulitamka, hata mjomba wako anapokuita hivyo mimi hukohoa. Na hapo chini nimeandika jina langu tu. Lile lingine, la Baba, nililichukua bila kupewa, kwa hiyo sitalitumia tena hadi ulitoe mwenyewe, na kama hutalitoa nitaelewa.

Ukilichukua kopo, lisikae juani garini, na ukifika ulifungue siku hiyo hiyo uikande. Ukiliacha, sitakufuata nalo barabarani. Nitalirudisha rafuni. Kila Jumamosi nitapaka mafuta mikononi, nitaifungua na kuikanda, nitaifunga tena, hadi siku itakapokataa mikono yangu.

Filberti